Kanakili vibaya, pendulamu yake ndiyo imekaa sawa. Nimpe alama au nimnyime?

#1 Mwalimu wa Mawe
Wakuu, mwangaluka. Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mwanza, jina la shule niachieni. Kuna jambo limenikaa kooni.

Mwaka huu nimeamua vijana wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) wasiishie kuchora pendulamu, lile jiwe la uzi linalobembea, kwenye daftari. Tuna laptopu nne zinazowaka, moja betri imekufa inaishi kwenye waya tu. Baada ya vipindi nawafundisha Python, lugha ya kuandikia programu, kidogo kidogo. Zoezi lilikuwa hili: uzi wa mita 1, g ni 9.8, anza na pembe ya radiani 0.1, uiachie. Kila baada ya sekunde 0.1 kompyuta inafanya mambo mawili: inasogeza pembe kwa kutumia kasi, halafu inabadilisha kasi kwa kutumia pembe. Nikaandika ubaoni kwa chaki nyekundu: zote mbili zitumie thamani za ZAMANI, za kabla ya hatua.

Vikundi vitatu vilinakili kama nilivyoandika. Pendulamu zao zikaanza kupanda. Zimeanza na 0.1, bembea moja ikiisha zipo 0.25, ya pili zimevuka 0.6. Hakuna anayesukuma! Kikundi cha nne binti mmoja ndiye aliyekuwa anachapa, akageuza mistari: kasi kwanza, kisha pembe akaisogeza kwa ile kasi MPYA. Yake ikabembea palepale, kushoto kulia, mpaka nikaizima mwenyewe.

Shida ni kwamba nilikuwa nimeshamsahihishia. 3 kwa 10, hakufuata maelekezo. Akaniuliza, "Mwalimu, sasa yupi kakosea?" Nikamwambia tutaliangalia kesho. Leo ni siku ya tisa.

Naomba mawili: kwa nini kugeuza mistari miwili kulete tofauti yote hiyo? Na alama nifanyeje?

#2 Sato Mbichi
Nimekaa siti ya dirishani, gahawa mkononi. Waje wenye fizikia yao.

#3 Fundi wa Rwagasore
Mwalimu, hapo ni digrii na radiani tu, usisumbuke. Kompyuta inataka radiani, vijana wanaweka digrii. Nimeshaliona hilo mara nyingi. Lete kodi zao, hiyo mistari ya programu, tuone.

#4 Sato Mbichi
Kodi tena? Mimi nilidhani tumekimbia kodi huko mtaani kwa mwenye nyumba.

#5 Mwalimu wa Mawe
@Fundi hatukutumia sine kabisa. Kwa pembe ndogo kama 0.1 tumechukua pembe yenyewe, mchapuko ni hasi 9.8 mara pembe. Digrii haina pa kuingilia.

#6 Kikokotoo
Fundi umepiga nje ya goli. Sababu ipo na unaipata kwa kalamu, hata laptopu huhitaji.

Nishati ya pendulamu hii, ukiacha vizidishio, ni 9.8 mara pembe kwa kipeo cha pili, jumlisha kasi kwa kipeo cha pili. Weka pembe mpya na kasi mpya za mwalimu kwenye hiyo fomula, fungua mabano. Vipande vya katikati, vile vyenye pembe mara kasi, vinauana. Kinachobaki ni nishati ya zamani mara (1 + 9.8 × 0.1 × 0.1), yaani mara 1.098. Kila hatua! Haijali pendulamu iko juu, chini au katikati. Bembea moja ni kama sekunde 2, ndiyo hatua 20. Zidisha 1.098 kwa yenyewe mara 20 unapata kama 6.5. Nishati imekua mara sita na nusu, na upana wa bembea unafuata kipeuo cha pili cha nishati, kwa hiyo umekua mara 2.55. Hapo ndipo ilipotoka 0.25 yako mwalimu.

Wala usijidanganye kwamba ukipunguza hatua mambo yataisha. Weka 0.01 badala ya 0.1, bado kila bembea nishati inapanda kama asilimia 22. Inapanda taratibu, lakini inapanda.

Hii ndiyo njia ya Euler, yule mwanahisabati, ya vitabuni. Ni ya karne ya 18.

#7 Mama PCB
Samahani wanangu, mimi naomba kuuliza swali la mzazi. NECTA wataliuliza hili? Maana mwanangu yuko kidato cha sita, akirudi likizo ananiambia habari za Python, na mtihani wa vitendo bado anachanganya jedwali la pendulamu ya kawaida.

#8 Karabai
@Mama PCB shikamoo mama. Swali lako lina jibu mbili.

Kwenye fizikia hutaliona. Lakini kwenye Advanced Mathematics mada ya njia za kinamba ipo miaka yote: Newton-Raphson, kanuni ya trapeza, Simpson. Watoto wanasolve kama wimbo na hakuna anayewaambia kwamba ni dawa ileile ya maswali ya fizikia ambayo hayana fomula. Mwalimu wa hesabu yuko chumba hiki, wa fizikia chumba kile, na mtoto ndiye anabebeshwa kazi ya kuunganisha.

Halafu mwalimu, usidhani lazima laptopu. Nimefundisha kisiwani miaka minne, jenereta ilikuwa ya mitihani tu. Nilitumia kalkuleta ya kawaida ya sayansi, ile wanayoingia nayo kwenye mtihani. Chapa 0, bonyeza =. Kisha andika Ans+(9.8−0.2Ans²)×0.1 halafu bonyeza = = = bila kugusa kingine. Inatoka 0.98, 1.94, 2.85, inazidi kupanda kwa uvivu mpaka inaganda kwenye 7. Ndiyo kasi ya kikomo ya kitu kinachodondoka hewani (9.8 ni mvuto, 0.2Ans² ni hewa inayozuia, 0.1 ni hatua ya muda), na hakuna aliyetaja integresheni. Darasa zima la watu arobaini wanabonyeza, unasikia tik tik tik kama mvua inaanza kwenye bati.

Kisha waambie wabadilishe 0.1 waweke 1. Inatoka 9.8, kisha 0.39, kisha 10.16, kisha hasi 0.69. Jiwe limeanza kupaa! Hapo ndipo mjadala unapoanza, na wewe unakaa kwenye dawati la nyuma.

#9 Fundi wa Rwagasore
Karabai nimekukubali. Lakini narudi kwenye pendulamu, sikubali kufungwa goli moja. Kompyuta inakata desimali. Kila hatua inakata kidogo, makosa yanajikusanya. Huyo binti mpangilio wake umebahatika tu, ya huku na ya kule zikafutana.

#10 Kikokotoo
Fundi, Python inabeba tarakimu kama 16. Hatua 20 haziwezi kukata mpaka 0.1 ikawa 0.25. Chukua karatasi ufanye kwa mkono bila kukata chochote, itapanda vilevile.

#11 Bembea ya Gandhi Hall
Mimi naona mnaenda mbali. Dunia ya kweli ina hewa. Kwenye kompyuta hakuna hewa, ndiyo maana haitulii. Mwalimu aweke ukinzani wa hewa kwenye mstari wa kasi, zitatulia zote, na huyo binti hatakuwa na cha kipekee.

#12 Karabai
Mkuu, kutokuwa na hewa kungeifanya ibembee bila kuchoka. Isingeifanya ipande. Ukiweka hewa ya kutosha kuizuia isipande umemfunika mgonjwa blanketi ili usione homa.

#13 Dokta wa Gati
Nimesoma kimyakimya, naongeza maelezo ambayo hayana mabano ya kufungua.

Mmeshasukuma mtoto kwenye bembea? Ukimsukuma wakati anakuja kwako, unamzuia. Ukimsukuma akiwa ameshaanza kuondoka, anapanda. Siri ni kuchelewa kidogo. Sasa kwenye njia ya mwalimu, kani ya kurudisha katikati inakokotolewa kwa mahali pa zamani. Pendulamu imeshapita katikati, kani bado inadhani iko upande ule, inaendelea kuivuta kuelekea inakokwenda. Ni msukumo wa mgongoni, kila bembea mara mbili. Kama dereva wa daladala anayefunga breki kwa kuangalia kioo cha nyuma.

Binti kaondoa kuchelewa huko. Kasi yake mpya inatumika saa hiyohiyo.

#14 Kikokotoo
Dokta, mfano mtamu ila una tundu. Njia ya binti nayo inakokotoa kani kwa pembe ya zamani! Mstari wake wa kwanza unatumia pembe ya kabla ya hatua, kama wa mwalimu. Kilichobadilika ni kasi gani inayosogeza pembe.

Na jambo hili watu wengi hawalijui: ya binti haina usahihi zaidi kwa hatua moja moja. Nimekaa hapa na kalkuleta. Baada ya hatua mbili, sekunde 0.2, jibu la kweli ni 0.0810. Ya mwalimu inasema 0.0902. Ya binti inasema 0.0716. Mmoja kazidisha 0.0092, mwingine kapunguza kama 0.0095. Ukipima hapo, binti ndiye mbovu zaidi kwa unywele! Tofauti yao iko mbele ya safari: kosa la mwalimu linazaa, la binti linazunguka na kurudi.

#15 Dokta wa Gati
Tundu nimeliona. Lakini zihesabu hizo hatua kama kasi ziko katikati ya vipindi, nusu hatua nyuma na nusu hatua mbele, utaona kwa binti hakuna aliyechelewa. Zinapishana kama miguu ya mtu anayetembea. Kwa mwalimu miguu yote miwili inarushwa pamoja.

#16 Sato Mbichi
Dereva wa daladala, miguu, bembea. Uzi wa mita 1 umeshafika mita 16.

#17 Binti Nyegezi
Mwalimu, usimguse huyo mtoto kabla hujasoma hapa.

Mpangilio huo una jina. Unaitwa Euler-Cromer, kwa sababu ya Alan Cromer, mwanafizikia wa Marekani aliyeuandika kwenye jarida la American Journal of Physics mwaka 1981. Na Cromer mwenyewe hakujipa sifa. Alisema aliyeuvumbua ni mwanafunzi wa SEKONDARI, aliyegeuza mistari kwa bahati mbaya kwenye programu yake, na majibu yakatoka mazuri. Kisa ni hichohicho cha darasani kwako, miaka zaidi ya arobaini baadaye.

Tofauti ni kwamba kule mtu alikaa akajiuliza kwa nini. Hakuweka 3 kwa 10.

#18 Mwalimu wa Mawe
Binti Nyegezi umenichapa bakora mbele ya watu. Wabeja. Ngoja nikae chini.

#19 Bembea ya Gandhi Hall
Tusiende mbali mpaka Marekani. Erasto Mpemba si alikuwa mwanafunzi wa Mkwawa, akaweka maziwa ya moto kwenye friji ya barafu, yakaganda kabla ya ya baridi, walimu wakamcheka? Sisi tuna tabia ya kucheka watoto.

#20 Karabai
Marekebisho madogo. Maziwa ya aiskrimu ilikuwa Magamba, Lushoto, mwaka 1963, yuko kidato cha tatu. Mkwawa alifika baadaye, na huko ndiko alikomuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi. Mwalimu wake alimkejeli, na wenzake nao wakamcheka. Osborne akarudi akaagiza lijaribiwe maabara, wakachapisha pamoja 1969.

#21 Kikokotoo
Na tukiwa hapohapo kwa Mpemba, mwalimu ukimaliza pendulamu wape vijana zoezi la maji kupoa kwa kanuni ya Newton, kwamba kitu hupoa haraka kadiri kinavyozidi joto la mazingira yake. Kikombe kimoja nyuzi 90, kingine 30, friji hasi 10. Wataendesha programu mpaka asubuhi na cha moto hakitakipita cha baridi hata siku moja. Hakiwezi, kwa sababu cha moto lazima kwanza kipite kwenye 30, na kikifika hapo kanuni inakitendea kama mwenzake alivyotendewa, ila kwa kuchelewa. Kama Mpemba aliona kweli, basi kuna kitu hakimo kwenye kanuni: mvuke uliopotea, mzunguko wa maji ndani ya chombo, barafu iliyoyeyuka chini ya kikombe. Watu wamegombana mpaka leo, na mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni hiyo athari. Kompyuta haitawaamulia. Inatapika ulichoilisha.

#22 Mhandisi wa Ngazi
Nimechelewa. Nampinga Binti Nyegezi kidogo kuhusu neno "aliyeuvumbua". Ndugu wa damu wa njia hiyo alitumiwa na Carl Størmer wa Norway mwanzoni mwa karne ya 20, akifuatilia chembe za umeme zinazoleta ile mianga ya angani huko kaskazini. Mwaka 1967 Loup Verlet wa Ufaransa akaitumia kwenye mwendo wa molekuli. Huyo mwanafunzi aliiokota upya, ambayo nayo ni heshima, lakini tusimpe shamba zima.

Pili, msimfanye binti wa Mwanza kuwa malaika. Chukueni mistari yake ileile, muweke hatua ya sekunde 0.7. Inatoka 0.1, hasi 0.38, 0.97, na kuendelea hivyo mpaka kioo kinajaa. Mpaka wake ni kama 0.64. Na hata kwa 0.1, bembea yake ni fupi kidogo kuliko ya kweli. Mtu akitafuta g kwa pendulamu hiyo atapata 9.88. Imetulia, lakini inasema uongo wa kistaarabu.

#23 Mama PCB
Kwa hiyo wa mwalimu ni muongo mwenye kelele, na wa binti ni muongo mpole? Na hawa ndio wanaofundishwa wanangu?

#24 Mhandisi wa Ngazi
Mama umeiweka vizuri kuliko mhadhiri wangu.

#25 Mzee wa Ukerewe
Mimi si wa fizikia, nilikuwa idara ya uvuvi mpaka nilipostaafu. Nilisoma uzi huu kwa sababu ya jambo moja. Zamani kijana mmoja wa mafunzo alituletea kielelezo cha sangara na furu kwenye kompyuta: furu wakiongezeka sangara wanashiba, sangara wakizidi furu wanaisha, sangara wanakufa njaa, furu wanarudi. Mzunguko. Lakini cha kwake kila mzunguko ulikuwa mkubwa kuliko uliopita, mpaka siku moja kompyuta ikaandika furu hasi elfu tatu. Tulicheka mpaka bosi akatoka ofisini. Je, ugonjwa ni huohuo?

#26 Kikokotoo
Mzee shikamoo. Ni huohuo mtupu! Euler kwenye mfumo wa mwindaji na mawindo anapanua duara kila mzunguko. Mwambie angehesabu sangara kwa kutumia furu WAPYA wa hatua hiyo, duara lingefunga. Mistari miwili, kama binti.

#27 Fundi wa Rwagasore
Sangara si waliletwa miaka ya themanini? Basi hata data ya kulinganishia ni ya juzi tu.

#28 Mzee wa Ukerewe
Marahaba. Hapana fundi, waliingizwa ziwani miaka ya 1950. Themanini ndipo walipolipuka na furu wakapotea. Na duara likifunga au lisifunge, kielelezo hicho hakikuwa na mvuvi hata mmoja ndani yake. Wala nyavu, wala viwanda vya minofu, wala magugu maji. Nilimwambia kijana: ziwa lako ni safi mno, mimi silijui.

#29 Karabai
Sasa turudi kwenye alama maana mleta uzi ataondoka mikono mitupu. Mimi nasema 10 kwa 10.

#30 Mhandisi wa Ngazi
Mimi nasema 3 ibaki. Aliambiwa tumia za zamani, akatumia mpya, na hakujua amefanya nini. Kazini kwangu mtu akisoma ramani vibaya na nguzo ikasimama, tunashukuru Mungu na bado anaandikiwa barua.

#31 Binti Nyegezi
Na wale watatu walionakili vizuri wakaona pendulamu inapanda bila kusukumwa, wakakaa kimya wakakusanya, wana ngapi? Kumi? Kwa kukubali nishati inayotoka hewani? Hao ndio wa kuandikiwa barua.

#32 Mwalimu wa Mawe
Hapo Binti umenishika, maana wana 9 wote watatu. Na mimi ndiye niliyewafundisha wiki mbili kabla kwamba nishati haiumbwi.

Wakuu, leo nimefanya hivi. Nimefunga jiwe kwa uzi wa nailoni wa nyavu, mita 1 kamili, kwenye fremu ya mlango wa maabara. Nikawaita wote, nikawasha laptopu mbili pembeni, ya kikundi cha kwanza na ya binti. Tukaachia pamoja. Ya kwanza ikaruka nje ya kioo. Ya binti ikaendelea. Ya mlangoni ikaendelea, ikapungua, ikapungua, na mlinzi alipopita ikagonga begani kwake ikasimama.

Nikasema sawa, nani anaeleza? Mmoja akasema hewa. Mmoja akasema fundo la uzi linasugua. Mwingine akasema kompyuta ya kikundi cha kwanza ina virusi. Binti alikuwa kimya, anapitisha kidole kwenye safu ya nishati aliyoiongeza mwenyewe nyumbani. Akaniambia, "Mwalimu, hata yangu haijatulia. Inapanda kidogo inashuka kidogo, kila bembea mara mbili. Inarudi, lakini haijatulia."

Nimeangalia, kweli. Kikokotoo, hilo ni nini tena?

#33 Kikokotoo
Ndivyo ilivyo. Kinachotunzwa bila kubadilika siyo nishati yenyewe, ni kitu kinachofanana nayo chenye kipande cha ziada cha pembe mara kasi. Mwambie akitafute mwenyewe kwa kufungua mabano kama nilivyofanya pale #6, ila kwa mistari yake. Asipoweza Jumamosi nitaandika.

#34 Dokta wa Gati
Usimpe jibu. Mwache.

#35 Sato Mbichi
Gahawa yangu imepoa kabisa. Kikokotoo niambie ilichukua hatua ngapi.

#36 Mzee wa Ukerewe
Mwalimu, nitumie hiyo mistari ya binti kwa ujumbe, mjukuu wangu ana kompyuta. Nataka niweke mvuvi ndani.

#37 Mwalimu wa Mawe
Nimekutumia mzee. Alama zote nimezifuta kwa sasa, nimeziandika kwa penseli pembeni.

#38 Fundi wa Rwagasore
Sawa, mmenifunga mbili bila. Mwalimu hiyo laptopu isiyo na betri ilete Jumatatu asubuhi, Jumanne nasafiri.